Nimewacha Sigara, Umewachia Nani?

Mimi nilikuwa navuta sigara mpaka moshi yenyewe ikanizoea. Kibanda yangu ya kuziba puncha iko hapa Salgaa, kando tu ya barabara, na asubuhi kukiwa na ukungu madereva wa trela walikuwa wanashindwa kujua ukungu imeishia wapi na mimi nimeanzia wapi. Kuna mmoja alisimamisha lori, akaja mbio akipangusa mikono, akaniuliza nyama iko tayari. Nikamwambia, boss, hapa tunachoma mapafu pekee.

Sasa nimemaliza miaka mbili na zaidi bila kugusa hata kipisi. Watu wakiniuliza nilitumia dawa gani huwa nawaambia ni mti fulani ya porini, kwa sababu ukweli ni mrefu na watu wanapenda mti. Ukweli ni kwamba sigara haikunisumbua sana. Mwenye alinisumbua ni jirani.

Jirani ni fundi wa kuchomelea vyuma, mtu mkubwa wa kutoka upande wa Kakamega, mikono kama sepetu. Kibanda yake na yangu zinashikana ukuta. Miaka kumi na tisa tumevuta sigara moja sisi wawili. Sisemi moja kwa siku, hiyo ningekuwa malaika. Nasema kila sigara ilikuwa ya watu wawili. Mwenye amenunua ndio anawasha, anavuta mpaka nusu. Huyo mwingine amekaa hapo juu ya ringi ya lori, anaangalia ule moto ukishuka vile ng'ombe huangalia shamba ya mahindi yenye haina ua. Ikikaribia nusu anasema neno moja: "Niwachie." Basi. Hiyo ndio ilikuwa salamu, ndio ilikuwa maombi, ndio ilikuwa habari za nyumbani. Nusu haikuwahi kupimwa na rula, lakini ukipitisha kidogo tu, wiki mzima unaitwa mnyang'anyi. Kwa hivyo mimi na sifa zangu zote sijawahi kumaliza sigara mzima. Nilipata ugonjwa mzima kwa nusu nusu.

Ugonjwa wenyewe ulikuja pole pole. Kazi yangu ni kuwekea watu upepo, halafu mimi mwenyewe nikaanza kuwa na puncha. Nikikunja mguu kuingiza jeki, lazima nipumzike. Nikitoa tairi, lazima nipumzike. Siku moja nilipumzika nikiwa nimelala. Bibi yangu akanipeleka kwa daktari huko Njoro, msichana mdogo hivi, mpole.

"Mzee, vuta pumzi."

Nikavuta.

"Mzee, nimesema uvute pumzi, sijasema uwashe trakta."

Akasikiliza mgongo, akasikiliza kifua, akatoa ile kitu kwa masikio. Akaniambia nikiendelea hivyo, karibuni hizo tairi zitafunguliwa na watu wengine na mimi nitakuwa nimelala.

"Nimelala wapi, daktari?"

"Hapo ndio wewe uchague."

Nikarudi Salgaa nikiwa mtu mpya. Nikasimama katikati ya vibanda, nikapiga ringi na spana kama kengele ya shule, nikasema, "Sikizeni nyote! Kuanzia leo mimi nimewacha sigara!"

Jirani akainua ile ngao yake ya uso, akauliza, "Umewachia nani?"

Watu walicheka mpaka mathe wa chai akamwaga maziwa. Si unajua Kiswahili yetu. Ukisema umewacha kitu, mtu mwenye akili lazima aulize nani amewachiwa. Na mimi nikajibu kwa mzaha, "Nimewachia wewe." Kufika saa kumi jioni nilikuwa juu ya ringi, shingo nimenyoosha, nasema, "Niwachie."

Nikawacha tena. Nikatafuna njugu, nikatafuna karafuu, nikatafuna miwa mpaka nikanenepa nikashindwa kuingia chini ya pikapu. Nikaenda mbele kanisani wakati wa kuombewa, mchungaji akaniwekea mkono kwa kichwa, akakemea pepo ya moshi, pepo ikakohoa. Siku tatu nawacha, siku tano nawacha. Kuna wakati nilifikisha siku kumi na moja, nikaona serikali imechelewa kunipatia medali.

Na kila mara nikiwacha, naweka moja kando. Nilikuwa naiweka ndani ya kopo ya viraka za tyubu, chini kabisa. Si ya kuvuta. Ni ya kujua tu iko. Lori si hubeba spea? Na hakuna mtu husema dereva anapenda puncha.

Jumamosi moja bibi akaja kutafuta kiraka ya gambuti yake. Akaingiza mkono kwa kopo, akatoka na ile sigara.

"Baba watoto, hii ni nini?"

"Hiyo ni ya dharura."

"Dharura gani? Nyumba ikishika moto utaizima na sigara?"

"Mama, hiyo siivuti. Mimi niliwacha."

Akaigeuza, akaiangalia vile mtu huangalia mtoto wa jirani amepatikana jikoni. "Wewe hujawacha," akasema. "Umejiwachia."

Kisha akairudisha kwa kopo, akafunika vizuri, akaenda na kiraka yake. Hiyo ndio iliniuma. Angeitupa ningepata sababu ya kukasirika, na mtu akikasirika, si anavuta?

Nilikaa hapo na kopo kwa magoti. Shule mimi niliona kupitia dirisha, lakini hiyo neno hata mimi niliielewa. Nikajiuliza, sasa najiwachia kwa nini? Kifua ilikuwa imechoka nayo. Ulimi ilikuwa imechoka nayo. Hata utamu sikumbuki kama ulikuwako. Nikachimba roho yangu mpaka nikafika chini, na chini nikampata nani? Jirani, amekaa kwa ringi.

Kwa sababu mwanaume mzima hapa Salgaa huwezi tu kukaa kwa ringi unaangalia barabara. Watu watasema unachagua lori ya kuibia. Lakini ukiwa na sigara kwa mkono, wewe uko kazini, hakuna mtu anakuuliza. Hiyo sigara ndio ilikuwa ruhusa yangu ya kukaa na yule mtu. Nikiiwacha kabisa, nitamwendea na nini? Niliogopa hiyo kuliko nilivyoogopa kulala mahali daktari alisema.

Basi nikatoa ile ya dharura, nikaiweka juu ya chuma, nikaipiga na nyundo ya tairi, ile kubwa ya mikono mbili. Sigara moja. Watu walidhani nimeona nyoka.

Halafu matanga ikaanza. Wiki ya kwanza nililia nyuma ya matairi, nikasingizia gamu ya viraka inauma macho. Kuna dereva alipita na sigara yake, nikamfuata bila kujua, nikipita tu kwa moshi yake, mpaka karibu na lojing za huko chini. Akageuka.

"Mzee, tunajuana?"

"Hapana, boss. Wewe endelea tu. Pole pole."

Na jirani nikamtoroka. Nikisikia viatu zake naingia chini ya lori. Nilikaa huko nikikaza nati zenye zimekazwa tayari, mpaka madereva wakaanza kunisifu, eti siku hizi fundi ana bidii kama mtu wa kuajiriwa na malaika. Wiki mbili hatujaongea, na ukuta ni mmoja.

Siku moja niko chini ya trela, naangalia nje katikati ya magurudumu. Nikamwona jirani amekaa kwa ringi peke yake. Akawasha. Akavuta, taratibu, mpaka nusu. Halafu mkono yake ikanyooka kando na ile sigara, ikangoja.

Hakukuwa na mtu. Mkono ikakaa hapo hewani, moshi inapanda, yeye mwenyewe anaangalia barabara. Baadaye akaona. Akairudisha karibu na mdomo, ikakataa kuingia. Akaitupa chini, akaikanyaga. Nusu mzima! Nusu ya kwanza aliijua, nusu ya pili pia aliijua, lakini hajawahi kukutana nazo zote kwa sigara moja.

Nikatoka chini ya trela. Nina grisi mpaka kwa masikio, na mate imenijaa mdomo kwa ile harufu kama mbwa nje ya buchari. Nikaenda nikakaa.

"Umefufuka," akasema.

"Nimefufuka."

"Niwashe ingine?"

"Hapana. Nimekuja kukaa."

"Kukaa na nini?"

"Kukaa tu."

Akaniangalia kama mtu ameingia baa akaitisha maji ya kuosha miguu. Lakini hakunifukuza. Tukakaa. Lori ikapita. Ingine ikapita. Sijawahi kuona hiyo barabara ikiwa ndefu hivyo. Mikono zangu hazikujua mahali pa kwenda, nikaziweka kwa magoti, nikaziweka kwa mfuko, nikaziweka kwa kichwa, kama ni za kuazima. Nikashika swali ya kwanza yenye ilipita karibu.

"Bibi yako anaendelea aje?"

"Bibi gani?"

"Si mama watoto."

"Huyo alienda kwao miaka tatu sasa."

Nikangoja acheke. Hakucheka. Alikuwa anakwaruza kutu kwa ringi na kucha ya kidole gumba.

"Jirani! Miaka tatu? Na hukuniambia?"

"Nilikuwa naanza."

"Ulikuwa unaanza lini?"

"Kila siku. Nikikaribia maneno yenyewe, sigara imeisha, wewe umerudi kwa tairi."

Wacha nikuambie, nimewahi kuangukiwa na jeki kwa mguu. Hiyo ilikuwa afadhali. Huyu mtu kikohozi yake ningeitambua sokoni Nakuru siku ya Jumamosi, na sikujua anajipikia.

"Haya, anza sasa," nikamwambia. "Hakuna kitu inaisha."

Akashuku kidogo. Akajikuna shingo. Kisha akaanza, na hawa watu wa kwao wakianza wanaanzia kwa babu: nani alioa wapi, ng'ombe gani walipelekwa, gani ilikuwa kiwete. Katikati akawasha sigara bila kujiangalia, moshi yote ikanijia usoni. Nikaitaka, sidanganyi, niliitaka mpaka meno ikauma. Nikainuka nikahamia upande ingine, kule upepo unatokea, nikamwambia aendelee.

Mwenye trela akapiga honi. Akapiga tena, akashuka, akaja ameshika kiuno.

"Fundi, hizo nati zangu unazikaza ama unazifundisha?"

Nikamwambia zimekazwa mara nne, boss, enda kwa mathe unywe chai, mimi bado niko kazini. Jirani kwa hadithi yake alikuwa amefika tu pale bibi yake anapakia godoro kwa pikapu ya ndugu yake, na kabati ilikuwa bado iko ndani ya nyumba.