Aliyepewa Firigisi

Siku shule zilipofungwa nilikula chakula cha mchana katika hoteli moja ya Shirere, meza moja na baba aliyekuwa na binti yake na mwanawe wa kiume, wote wawili wakiwa na sare. Kuku alipoletwa, baba alichukua firigisi akaiweka kwenye sahani ya binti.

Mama mwenye hoteli alisimama na sinia mkononi. "Mzee, imondo wasichana hawakulangi," akasema, akionyesha ile firigisi. "Hiyo ni yako, ama ya kijana."

Baba alipangusa vidole, akatoa ripoti ya shule mfukoni, akaikunjua kando ya ugali. "Soma hapo kwa hesabu."

Mama akasoma, midomo ikicheza. "Na ya kijana iko wapi?"

"Ameikalia," baba akasema. "Huyo amekulanga imondo tangu azaliwe. Tumeona."

Mama aliondoka, akarudi na mchuzi wa nyongeza kwa binti.

Wasichana wakianguka hesabu, sisi wa huku hulaumu walimu. Mimi sina mdomo. Kwetu firigisi nilipewa mimi, na hesabu zangu alinifanyia dada yangu, akishamaliza kuosha sahani yangu.