Shingo za Soksi za Mwalimu Benjamini

Kila Jumatatu asubuhi, kwenye sekondari moja ya binafsi pale Mchafukoge, wavulana walipandisha suruali, wasichana wakatanguliza mguu mbele, na Mwalimu Benjamini akapita kukagua soksi. Alikuwa mwalimu wa nidhamu. Alifundisha na jiografia, ila jiografia yake hakuna aliyeikumbuka. Soksi ndizo zilizokumbukwa. Nyeupe, ndefu, zisizo na tundu. Ukiwa na tundu unavua kiatu mbele ya wenzako, unasimama kwa mguu mmoja kama korongo, fimbo inakufuata hapo hapo.

Sasa, jambo ambalo shule nzima haikulijua, isipokuwa mkewe Klara, ni kwamba soksi za Mwalimu Benjamini mwenyewe hazikuwa na chini. Kisigino kilitangulia kwenda, vidole vikafuata, mwisho unyayo mzima ukaaga. Zikabaki shingo. Akazipunguza vizuri kwa mkasi, akazivuta mpaka juu ya kifundo, akazikaza kwa raba bendi. Ukimkuta amekaa amekunja nne, utaona soksi nyeusi imenyooka kama ya waziri. Ndani ya kiatu mguu uko kama ulivyozaliwa.

"Nunua soksi, baba Hyasinta," Klara alimwambia. "Kariakoo hii hapa, soksi zinatufuata mpaka mlangoni."

"Nani ataona?"

Na kweli, nani angeona? Angekuwa Mwislamu wangemjua tangu Ijumaa ya kwanza. Lakini yeye alikuwa Mwanglikana wa Masasi, na kanisani watu wanaingia na viatu vyao, wanatubu navyo, wanatoka navyo.

Ndipo ikaja kompyuta.

Ilikuwa miaka ya ruksa ya biashara, Kariakoo imejaa feni na redio za Dubai, na mzee Ghanshyam, mwenye shule, hakutaka kubaki nyuma. Akaleta kompyuta moja, akaitengenezea chumba chenye vigae na kiyoyozi, wakati walimu ofisini walikuwa wanajipepea na madaftari ya watoto. Mkewe, mama Ranjanben, akaivunjia nazi, akaipaka alama nyekundu kwenye paji la uso, akaivika taji la maua kama bibi harusi. Halafu akatoa amri: elimu ina Mungu wake, na mbele ya Mungu huyo haingii mtu na viatu vilivyokanyaga soko.

Mkuu wa shule, Elieshi, naye akaongeza ya kwake. Kila mwalimu ajifunze kuingiza alama mwenyewe kabla shule haijafungwa. Asiyeweza, mkataba wake umekwisha.

Benjamini akahisi vidole vya miguu vinajikunja. Alishapunguzwa kazi mara moja, kule kiwandani alikokuwa anafundisha elimu ya watu wazima, siku kiwanda kilipouzwa. Kupunguzwa tena alikuogopa. Kuvua viatu alikuogopa zaidi.

Basi akatangaza vita.

"Hiyo mashine ina mionzi," aliwaambia ofisini. "Inamaliza nguvu za mwanamume."

Mwalimu Wilbert wa hesabu, aliyeoa mwezi uliopita, akaweka kikombe chini. "Inapitia wapi?"

"Inaingia tumboni, inashuka."

Wilbert akabana mapaja.

"Basi sisi wanawake tuko salama," akasema Mwalimu Theopista. "Ileteni hapa mezani, nyie kaeni nje na nguvu zenu."

Ofisi ikacheka, lakini mionzi ikawa imeshaingia vichwani. Wilbert zamu yake ilipofika aliingia na sinia la bati kutoka jikoni, akaliweka mapajani, akachapa alama zake akiwa amejikinga hivyo. Wengine wakaanza kuumwa macho, wengine kichwa, na mwalimu wa kemia akapata malaria kila siku ya zamu yake.

Mkuu akamwita Benjamini. "Haya maneno ya mionzi yametoka kwako. Leo baada ya mapumziko unaingia wewe, watu waone hufi. Usipoingia, natafuta mtu mwingine wa jiografia."

Kengele ya mapumziko ilipogongwa, Benjamini alikuwa ameshafika Msimbazi. Wauza soksi wamejaa kama nzi, na wa kwanza kumwona alikuwa Khalfani. Khalfani alimaliza shule mwaka uliotangulia, na hakuna mtu aliyechapwa kwa ajili ya soksi kama yeye. Labda ndiyo maana akaingia kwenye biashara hiyo.

"Shikamoo, ticha!"

"Marahaba."

"Soksi za mtoto au za kwako? Oyaa, njooni! Huyu ndiye aliyenifundisha soksi kwa bakora!"

Watu wakageuka. Macho yote yakashuka kwenye miguu ya mwalimu.

"Natafuta betri," akasema Benjamini.

"Betri?"

"Za tochi."

"Oyaa! Ticha anataka betri!"

Betri zikaletwa mbio. Akazilipia, akarudi nazo shuleni jasho linamtoka, soksi zimebaki mkononi mwa Khalfani.

Mkuu alimpokea mlangoni. "Umekuja na betri! Safi, umeme ukikatika tutamulika."

Ndani walikuwemo kidato cha tatu, na Wilbert na sinia lake, amekuja kushuhudia. Benjamini akainama. Akavua kiatu cha kwanza, akavua cha pili. Zikaonekana pete mbili nyeusi zenye raba bendi, na chini yake miguu mitupu ya Masasi.

Kidato cha tatu wakainuka vitini waone vizuri.

"Mwalimu," sauti ikatoka nyuma, "nyayo zimehama?"

Darasa likalipuka. Sinia la Wilbert likaanguka kwenye vigae. Mama Ranjanben akaja mbio kutoka chumba cha pili, naye yuko pekupeku.

"Mnacheka nini? Mimi nina soksi? Kwetu pekupeku ndiyo heshima. Siku zote nyinyi mnaingia na soksi zinanuka, leo mwalimu peke yake amekuja sawasawa." Halafu akazitazama zile pete. "Lakini hizi bangili za nini? Vua."

Akavua. Akakaa, kidole kimoja kinatafuta njia juu ya vibonye. Jina la kwanza aliloambiwa kuandika lilikuwa la Zarna, aliyekaa kiti cha mbele bado anafuta machozi ya kicheko.

"Zarna, Z iko wapi?"

"Chini kushoto, mwalimu."

Akaipiga. Haikumuua. Mpaka jua linazama alikuwa amemaliza kidato cha tatu chote kwa kidole hicho kimoja, na Mkuu akatia saini mkataba.

Jumatatu wanafunzi wakapanga mstari, wakapandisha suruali, wakasubiri kwa hamu ambayo haijawahi kuonekana pale. Benjamini akatokea na fimbo yake, viatu vimepigwa rangi, kifundo cheupe kwa vumbi, hakuna soksi wala shingo ya soksi. Akasimama mbele yao, akakohoa.

"Shusheni suruali zenu. Leo tunakagua kucha."

Za kwake alikuwa amekatwa na Klara jana yake.