Mguu wa Mama na Maji ya Chupa

Mimi nina cheti cha huduma ya kwanza. Nakitaja mapema kwa sababu ndicho kilichonitia kiburi. Kwenye shamba la maua ninakofanya kazi, huku Naivasha, ndimi ninayeitwa mtu akimwagikiwa dawa ya kunyunyizia. Ninajua la kufanya: maji safi, mengi, kisha sugua na sabuni mpaka mtu akuombe msamaha. Nimefanya hivyo mara nyingi na hakuna aliyekufa mikononi mwangu.

Likizo ilipofika nikampeleka Mama Mombasa. Mama ni mkulima wa viazi Kuresoi, amepita miaka sabini, ana presha, na alikuwa hajawahi kuona bahari. Alikunja rinda, akaingia maji ya magoti, akacheka kama msichana. Kisha akapiga nduru.

Nilimtoa mbio. Kwenye shavu la mguu kulikuwa na nyuzi mbili nyembamba za samawati, zimenata. Konyeza, yule mnyama laini wa baharini anayefanana na mfuko wa plastiki, alikuwa bado anaelea pale pale.

"Inachoma kama thabai," Mama akasema, meno ameyauma. Thabai ni yale majani ya kwetu yanayowasha ukiyagusa tu. "Usisugue. Thabai haisuguliwi."

"Mama, hebu nyamaza. Hii ni kazi yangu."

Nikafungua chupa ya maji ya kunywa, nikammiminia yote, nikasugua kwa kiganja, juu chini, juu chini, vile ninavyofanya kazini. Woi! Mama alitoa kelele ambayo sijawahi kuisikia kwake, hata siku tulipomzika Baba. Wekundu ukapanda mpaka gotini. Viganja vyangu navyo vikaanza kuwaka. Nikadhani sijasugua vya kutosha, nikafungua chupa ya pili.

Mama akaacha kupiga kelele. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Alikuwa anavuta pumzi fupi fupi, mkono kifuani, na mimi nikaona nimemtoa mama yangu Kuresoi nimlete huku afe.

"Wee dada! Wacha kumsugua!" Alikuwa ni mama mmoja aliyeuza chai na mahamri pale ufukweni, anakuja mbio na chupa yake ya maji moto. "Maji ya bahari, si hayo ya kunywa! Hayo yanaichochea sumu."

Nilitaka kumjibu vibaya. Aki ya Mungu, hata hapo cheti kilikuwa bado kichwani. Akanisukuma kando, akaumwagia mguu maji ya bahari polepole, akazinyofoa zile nyuzi kwa vijiti viwili vya mishkaki bila kuzigusa. Kisha akayapunguza makali yale maji moto, akayapima kwa kiwiko chake mwenyewe, akaloweka leso na kuifunga mguuni. Ikipoa, anailoweka tena.

"Bibi, unapumua vizuri? Kifua kikibana uniambie, twende hospitali sasa hivi."

Nilikaa mchangani nikimtazama Mama kifua kinavyopanda na kushuka. Sikuthubutu hata kumshika mkono, maana mikono yangu ndiyo iliyomfanyia vile. Ilichukua karibu nusu saa pumzi kurudi sawa. Mwishowe akafumbua macho, akaitisha chai.

Wahenga wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Siku ile guu lilikuwa la mkuu mwenyewe.

Zile nyuzi mbili ziliacha alama ndogo, na zimeshafifia. Kilichobaki ni doa jeusi, pana, kutoka shavu la mguu hadi gotini, pale kiganja changu kilipopita. Majirani wakija, Mama hupandisha rinda kidogo awaonyeshe.

"Mnyama wa baharini," huwaambia, "ana mkono mpana hivi."

Mimi niko hapo hapo, nawamiminia chai, na hajawahi kunitazama akisema hivyo.