Nilivyolipia dola 485 kumtengenezesha mbweha kwa fundi wa Fort Worth, na kosa langu la sikio la kushoto

Wakuu, habari za saa hizi.

Juzi mdau mmoja aliuliza humu kama ni kweli Wamarekani wanakausha wanyama na kuwasimamisha sebuleni kama wazima, na inagharimu kiasi gani. Wengi wakamjibu kwa utani. Mimi nimewahi kulipia kazi hiyo, kwa hiyo nitaeleza kama ilivyokuwa, bila kuongeza chumvi. Pale nilipokosea nitasema pia. Bei nitakazotaja ni za wakati ule.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya elfu mbili. Nilikuwa naishi Pearland, kusini mwa Houston, fundi wa viyoyozi kwenye hospitali moja mjini.

Jirani yangu alikuwa mzee wa Kimarekani, nitamwita Mzee Walter. Mstaafu, amefiwa na mkewe, macho yameanza kuchoka. Ndiye aliyenionyesha jinsi ya kukata majani ya uwanja bila kuyaunguza, na ndiye aliyeniazima ngazi niliyokaa nayo miaka miwili.

Kila jioni alitoka nyuma ya nyumba na sahani ya bati ya bluu, chakula cha mbwa na yai bichi juu yake. Anaiweka kwenye nyasi, anakaa kwenye kiti. Baada ya muda anakuja mbweha jike kula.

Kwa ambao hawajamwona, mbweha wa huku ni mwembamba, mgongo wa kijivu, shingo na miguu ina wekundu wa kutu. Yule alikuwa anaitwa Missy. Jina alipewa na marehemu mke wa Walter. Mimi nilikuwa namwona kwa mbali tu, kupitia nafasi za uzio.

Asubuhi moja natoka shift, nimeingia mtaani kwetu, kitu kikakatiza mbele ya gari. Nikafunga breki. Nikasikia kishindo kidogo.

Nikashuka. Alikuwa Missy, ameshakufa. Damu kidogo puani, na sikio la kushoto limechanika. Basi.

Sasa wakuu, nieleze nilivyofikiri, maana hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Kwetu Kondoa, ukiua mnyama wa jirani kwa bahati mbaya, huendi kwake mikono mitupu. Unatafuta mtu mzima wa kukusindikiza, unachukua mnyama mwingine au kitu cha kufanana naye, ndipo unakwenda kuomba radhi. Kwenda na maneno matupu ni dharau. Nimelelewa hivyo.

Lakini mbweha mwingine ningempata wapi?

Nikakumbuka kwamba kinyozi wangu ana vichwa vinne vya kulungu ukutani, na bosi wangu ana bata juu ya kabati la mafaili. Nikahitimisha kwamba mtu wa Texas ndivyo anavyomuenzi mnyama. Nikaamua nitampelekea Walter mbweha wake, amesimama kama alivyokuwa. Mpaka hapo, nisiseme kitu.

Nikamviringisha kwenye taulo, nikamtia mifuko miwili ya nailoni, nikamweka kwenye freezer.

Mke wangu alipofungua kutoa samaki nilimsikia toka chumbani.

"Baba Neema! Mbwa wa nani huyu?"

"Siyo mbwa, ni mbweha."

"Mbweha ndiyo nini kama siyo mbwa aliyekosa kwao? Mtoe kwenye kibua wangu!"

Nikamweleza. Akaufunga mlango wa freezer taratibu. "Ni wa Mzee Walter? Basi vaa viatu uende sasa hivi." Nikamwambia kwanza nipate cha kwenda nacho.

Nikaenda maktaba, nikaazima vitabu viwili vya kazi hiyo, nikavisoma vyote mwanzo mpaka mwisho. Kwa kifupi: mnyama agandishwe haraka, asipasuliwe tumbo. Fundi anamchuna pamoja na nyayo, midomo na kope, ngozi inapelekwa kiwandani kulainishwa kwa dawa, kisha inavalishwa kwenye umbo la povu gumu. Macho ni ya kioo. Kwa hiyo hakuna anayemjaza pamba, kama tunavyodhani.

Nikatembelea mafundi watatu.

Wa kwanza alikuwa anafanyia gereji kwake upande wa Sugar Land, dola 150. Mbweha wake walikuwa wanacheka. Midomo imevutwa hadi meno yote nje, macho yametumbuka, na ukibonyeza ubavu ngozi inacheza, haijashika umbo. Wa pili hapo hapo Houston, dola 325, kazi safi ila masikio mazito kama ya ubao. Wa tatu alikuwa nje ya Fort Worth, dola 450.

Huyo wa tatu ana mbweha mmoja mezani aliyelala. Nilimtazama dakika nzima nikisubiri apumue. Kope zina unyevu, mdomo umefungwa, masikio membamba kiasi kwamba taa inapita. Nikaelewa mia tatu ya tofauti inakwenda wapi: inakwenda usoni. Mwili mtu yeyote anaweza.

Hakukubali kumpokea Missy mpaka nilipopiga simu kwa maafisa wa wanyamapori nikaeleza alivyokufa. Sheria zinatofautiana, msiokote tu mnyama barabarani.

Nikampeleka akiwa ndani ya cooler lenye barafu, zaidi ya saa nne barabarani. Akamkagua, akashika sikio la kushoto.

"Hili nalo? Kingo zimepona. Ni jeraha la zamani."

Nikamwambia atengeneze, nataka awe kamili. Dola 35 za ziada. Nikaandika kwenye daftari langu: sikio la kushoto, la zamani, 35. Nimeliandika kwa mkono wangu mwenyewe, wakuu, na sikujiuliza chochote.

Kazi ilichukua miezi mitano. Muda mwingi ni ngozi kuwa kiwandani, haiharakishwi.

Na miezi mitano hiyo yote, kila jioni, Mzee Walter aliweka sahani.

Nilikuwa namwona nikirudi kazini. Anakaa mpaka giza linaingia, halafu anaichukua sahani ikiwa imejaa wadudu. Wiki ya tatu aliniita kwenye uzio.

"Umemwona Missy siku hizi?"

Nikamjibu kwamba wanyama wa porini huwa wanahamahama. Sikusema uongo wa moja kwa moja, ndivyo nilivyojifariji. Mke wangu alikuwa anaanika nguo, akasikia. Akaacha nguo kwenye beseni, akaingia ndani.

Hatimaye fundi akapiga simu. Nikaenda kumchukua. Kazi ilikuwa nzuri kupita nilivyotarajia: amesimama, mguu mmoja wa mbele umeinuliwa kidogo, shingo imegeuka kama mtu aliyeitwa jina. Sikio huoni hata alama.

Nikamtafuta msindikizaji. Nilimpata Papa Josué, mzee wa Kikongo wa Bukavu anayekaa Sharpstown, alikuwa anapakia mizigo ghala moja na kila mtu anamheshimu. Alikuja na suti.

Tulimkuta Walter nyuma ya nyumba, sahani iko kwenye nyasi. Papa Josué akaanza kwa utaratibu, kwa Kiingereza chake cha polepole: tumekuja kwa heshima, ndugu yangu huyu ana jambo zito. Mimi nikaondoa shuka niliyomfunika mbweha.

Walter akainuka. Akamtazama kwa karibu, akamshika shingo. Kisha akapitisha kidole kwenye sikio la kushoto, toka juu mpaka chini. Akarudia.

Akaanza kucheka.

"Siyo yeye! Missy ana sikio limechanika, toka siku ya kwanza alipokuja. Mke wangu ndiye aliyeliona. Huyu mzima kabisa. Kijana, umenishtua bure!" Akafuta macho. "Nilishaanza kuamini amekufa. Kumbe bado yupo huko."

Akainama, akaisogeza sahani karibu na kichaka.

Papa Josué akaninong'oneza kwa Kiswahili.

"Wacha vile, frère, ndugu yangu. Mzee anasema haiko yeye. Basi, haiko yeye."

"Papa, ni yeye."

"Najua. Lakini ona, iko na furaha. Unataka kumuua ule nyama mara ya pili?"

"Ataweka sahani mpaka lini?"

"Ile sahani iko yake, haiko yako."

Kwa nusu dakika nilikubaliana naye. Ningeondoka na mbweha wangu wa dola 485, na mzee angebaki na matumaini. Halafu nikamwona anakaa tena kwenye kiti, ameelekea kichakani, mikono magotini, tayari kusubiri.

Nikatoa risiti mfukoni. Huwa natunza risiti zote. Nikamwekea kidole kwenye mstari wa tatu, nikampa.

Akachukua lensi yake ya kusomea. Akasoma kwa sauti: "Kutengeneza sikio la kushoto, mchaniko wa zamani. Dola thelathini na tano." Akasoma mara ya pili bila sauti.

"Lini?"

Nikamwambia siku na saa, na kwamba gari lilikuwa langu.

"Miezi mitano," akasema. "Nilikuuliza hapo kwenye uzio."

"Ndiyo."

"Ukasema wanahamahama."

"Ndiyo."

Papa Josué alikuwa anaangalia viatu vyake.

Walter akachukua sahani, akamwaga chakula chini ya uzio, akaingia ndani. Tukasikia bomba la maji muda mrefu. Alipotoka alikuwa anaifuta kwa kitambaa.

"Ungegonga tu mlango," akasema. "Mikono mitupu. Ningekupa kahawa."

Akamtazama mbweha tena, safari hii taratibu.

"Fundi ni mzuri. Macho ni yake haya. Mwambie arudishe sikio."

Akachora mchaniko ulivyokuwa, nyuma ya risiti ile ile. Jumamosi nikaendesha tena mpaka Fort Worth. Fundi akanishangaa: watu wanalipa nitengeneze, wewe unataka niharibu? Nikamsimulia. Akazima redio, akauangalia mchoro, akashika kisu. Dakika ishirini. Hakunitoza.

Niliporudi Walter alipitisha kidole kwenye sikio, kikakwama mahali kinapotakiwa kukwama. Akatikisa kichwa kukubali. Alimweka dirishani, anatazama uwanja wa nyuma. Kahawa alinipa.

Siku hiyo nilimrudishia na ngazi yake.

Kwa hiyo mdau uliyeuliza: usiende kwa fundi wa bei ya chini, angalia uso na masikio kuliko mwili, peleka picha za mnyama akiwa hai, na usimwambie fundi atengeneze kitu ambacho hujui kilitokeaje. Na kama mnyama ni wa mtu, muulize mwenyewe kwanza, hata kama unaona aibu.

Utaratibu wa kwetu wa kuomba radhi bado nauheshimu. Ila kule nyumbani jirani anajua siku hiyo hiyo nani kamuua mbuzi wake, mtaa mzima unajua. Zawadi inakuja baada ya habari. Mimi nilileta zawadi nikaificha habari.

Wenye uzoefu na kazi hizi, au mliowahi kukaa na neno kama nilivyokaa mimi, semeni mlilitoaje. Nasoma maoni yote.