Jina Ambalo Swabaha Hakulisoma

Swabaha, mwenyekiti wa mtaa mmoja wa Levolosi, hakutangaza jambo ambalo hakulikagua mwenyewe. Kipindupindu kilipopungua na mama lishe wakaruhusiwa kufungua tena vibanda wakifaulu ukaguzi, alizunguka pamoja na bwana afya akitazama vyoo na maji ya kunywa. Asubuhi iliyofuata alisimama bombani, watu wamejipanga na ndoo zao, akasoma majina ya waliofaulu.

Chiku, mke wa kaka yake, alikuwa ameshaloweka maharage ya biashara.

“Wifi, mbona jina langu umeliruka?”

“Choo chako kimejaa, wifi yangu.”

“Basi kaka yako atakula nini? Matangazo?”

Watu walicheka.

“Ale hayo maharage uliyoloweka. Wateja watakula ukishachimba choo.”

Jioni Uwesu, kaka yake, alikuja kumsihi aongeze jina moja tu. Swabaha aliona kwamba uenyekiti si mali ya ukoo. Akachukua jembe. “Twende kaka, tukachimbe wote.”

Uwesu aliondoka bila kuaga. Alichimba choo peke yake, na kibanda kikafunguliwa baada ya wiki tatu. Tangu hapo hakumkaribisha tena dada yake nyumbani kwake, hata siku ya Idi.