Kufuli Langu Kwenye Mashine Namba Nne

Siku yangu ya kwanza kazini nilivutwa kola kama mwizi wa kuku. Ilikuwa Digbeth, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, wakati karakana za chuma za Birmingham bado zilikuwa zikipiga kelele tangu asubuhi na mtaa mzima ukinuka mafuta ya kulainishia mashine. Mimi Msomali wa Garissa, niliyekimbia vita Somalia nikiwa mdogo, nimefika Uingereza kwa kupitia Uholanzi, na kuhusu chuma nilijua tu kwamba kinauma kikikuangukia mguuni. Niliona kipande cha bati kimekwama ndani ya mashine, nikanyoosha mkono nikitoe. Hapo ndipo niliponyakuliwa kutoka nyuma.

"Weye! Unataka kwenda nyumbani bila mukono?"

Alikuwa Papa Kasongo, Mkongomani wa Bukavu, kiongozi wa zamu yetu. Nilishtuka mara mbili, kwanza kwa ile kola, halafu kwa kusikia Kiswahili katikati ya makelele yale.

Mashine zetu ziliitwa presi. Ninyi vijana mnaofanya kazi kwa kubonyeza vioo huenda hamjaiona, kwa hiyo nieleze. Chini kuna dai, yaani umbo la chuma kigumu. Unaweka bati juu yake, presi inashuka kwa kishindo, na bati linatoka likiwa bawaba ya mlango wa gari. Presi haijui tofauti ya bati na kidole. Papa Kasongo alinipeleka ubavuni mwa presi namba nne, palipokuwa na sanduku la umeme, akazima swichi kuu, akanikabidhi kufuli jekundu lililochongwa herufi za jina langu.

"Sikia muzuri, ndugu yangu. Hii kadenas ni ya kwako. Ukitaka kuingiza mukono, unazima, unafunga, ufunguo unatia mu mufuko yako. Hata patron akuje na kelele, haufungue mpaka batu bote batoke ku mashini. Na kadenas ya mwenzako, haugusi. Hata kama amekufa, haugusi."

"Na akiwa amekufa kweli?" nikauliza, maana nilikuwa na mdomo.

"Utangojea afufuke."

Hiyo ndiyo ilikuwa shule yangu. Baada ya miaka michache nikawa fundi wa kufunga dai, na namba nne ikawa kama yangu. Ilikuwa na rangi ya kijani, na klachi yenye hasira za ghafla.

Siku moja Mkurugenzi akaniita ofisini. Alikuwa mtu wa Sutton Coldfield, mtaa wa wenye nazo, akija kwa treni, na viatu vyake havikuwahi kuona tone la mafuta. Akasema kampuni imepata mshirika China wa kutusaidia na oda zilizotuzidi, na anataka fundi wa kwenda kuwafundisha.

"Kwa nini mimi?" nikauliza.

"Kwa sababu hunywi pombe na hulalamiki."

La kwanza lilikuwa kweli. Nilikuwa na miaka thelathini na kidogo, sijaoa, na kuambiwa kwamba mimi, Abdi wa Garissa, nitaitwa mtaalamu kutoka Ulaya kulinitia kichaa kidogo. Kabla sijaondoka Mkurugenzi alitukusanya kantini akasema mbele ya wote: kazi za Birmingham zinabaki Birmingham. Papa Kasongo alipiga makofi kuliko wote. Klachi ya namba nne ilikuwa imeharibika tena na kipuri hakijafika, kwa hiyo nilizima swichi, nikafunga kufuli langu, nikaondoka na ufunguo. Papa Kasongo alinipigia kelele mlangoni kwamba mashine itaningoja.

Mji nilioshukia ulikuwa mashariki mwa China. Watu wake walinitendea wema, na jina lake nitalihifadhi. Nilidhani nimeona ujenzi. Sikuwa nimeona kitu. Nililala Jumatatu nikitazama uwanja mtupu dirishani, na kabla mwezi haujaisha kulikuwa na ghorofa pale, na watu wameshaanika nguo. Asubuhi wazee walicheza dansi bustanini kwa redio, na mmoja alikuwa akitembea kinyumenyume kwa ajili ya afya ya mgongo, wala hakuna aliyemcheka. Ukiomba maji unapewa ya moto. Mama mmoja sokoni aliushika mkono wangu akausugua kwa kidole, akakitazama kidole chake, kisha akaniongezea tangawizi bure. Sikujua nikasirike au nishukuru, nikafanya yote mawili.

Kilichonishtua zaidi nje ya kazi ni chakula. Nilikuwa nimejiandaa kuishi kwa ndizi na mayai. Siku ya pili nikapita mbele ya kimkahawa, ndani mna mzee wa Kichina mwenye kofia nyeupe akivuta tambi kwa mikono. Akaniona, akasema, "Assalamu alaikum." Nilisimama mlangoni mdomo wazi mpaka mteja mmoja akanisukuma ndani. Tangu siku hiyo nilikula pale, na mzee yule hakuwahi kukubali kwamba nimeshiba.

Lakini kiwanda. Siku ya kwanza mkalimani wangu, msichana aitwaye Mei, alinipeleka baada ya chakula cha mchana. Tukafungua mlango. Taa zimezimwa. Mashine kimya. Na watu wote wako chini! Wamelala sakafuni juu ya maboksi, kati ya presi, wengine wameinamisha vichwa mezani, hakuna anayetikisika. Nikajua ni gesi. Sikumuuliza Mei chochote. Nilikimbia katikati yao nikapiga kitufe chekundu cha hatari, kile cha kuzima mashine zote, king'ora kikalia, nami nikapiga kelele kwa Kisomali, lugha ambayo ndani ya jengo lile ilikuwa na msemaji mmoja.

Maiti zote ziliamka. Kumbe wenzetu, baada ya kula, hulala kidogo. Ni desturi yao tangu shule ya chekechea, wakubwa na wadogo, na taa huzimwa kwa heshima ya usingizi. Meneja Mkuu alitoka ofisini na alama ya mkunjo wa shati shavuni, akifoka. Mei alikuwa ameziba uso kwa mikono. Ndipo akasogea mwanamume mfupi, mkuu wa karakana, jina lake Liang, akauliza jambo kwa utulivu.

"Anauliza," Mei akasema, "kwa nini hukukimbilia nje?"

"Nilidhani wamekufa."

"Anasema, kama wamekufa, ulitaka kuzima mashine za nini?"

"Zisiwaumize tena."

Mei alipotafsiri walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Liang hakucheka sana. Aliutazama mkono wake wa kulia, uliokosa vidole viwili, na kesho yake baada ya chakula nilikuta boksi safi limetandikwa karibu na lake. Nikajifunza kulala mchana, na mpaka leo mke wangu ananidai maelezo.

Nilipowafundisha kuhusu kufuli, Meneja Mkuu aliona ni kupoteza muda. Presi zao ziliwashwa na kuzimwa na yeyote, mtu akiwa na mkono ndani au nje. Liang alisikiliza mara moja tu. Jioni alikwenda mwenyewe sokoni akarudi na makufuli, kila mfanyakazi la kwake, akawapanga mstari akayarudia maneno ya Papa Kasongo kwa Kichina, pamoja na habari ya kungojea mtu afufuke.

Kisha yakaja makreti. Makubwa, ya mbao, kutoka bandarini. Meneja Mkuu akasema ni presi iliyonunuliwa, niisimike na kuiwasha kabla ya wiki kwisha. Vijana wakabandua mbao za ubavuni. Niliiona rangi ya kijani kwanza. Nikajiambia kijani ni kijani. Wakabandua ubao mwingine, na pale kwenye sanduku la umeme, likiwa na vumbi la Digbeth, lilikuwepo kufuli jekundu lenye herufi za jina langu.

Nikakaa juu ya mbao. Nikaingiza mkono mfukoni nikaushika ufunguo, kana kwamba huo ndio ungenieleza. Mei aliniuliza kama naumwa. Nikamwambia hii mashine naijua kuliko ninavyomjua ndugu yangu.

Jioni yetu ni asubuhi Birmingham. Nikampigia Papa Kasongo.

"Papa, number four iko wapi?"

"Banaipeleka Coventry, ku réparation. Batengeneze ile klachi."

"Papa, nimesimama mbele yake."

"Usicheze na mie."

"Wallahi. Kufuli yangu iko juu yake. Hakuna mtu ameigusa."

Aliniuliza herufi za kwenye kufuli, nikamsomea. Kisha akaniambia jambo ambalo sikulijua. Kiwanda cha mabehewa huko Derby kilikuwa kimempa kazi, na Ijumaa ndiyo siku ya mwisho ya kujibu. Alikuwa amekwisha amua kukataa. Ana watoto watano, umri umekwenda, na Mkurugenzi alikuwa amesema kazi ipo. Na si yeye peke yake. Wawili wengine walikuwa wamekataa nafasi kama hiyo kwa sababu ya maneno yale ya kantini.

"Papa, chukua hiyo job."

"Na benzangu? Niende, bao babakie hapa kama bajinga? Patron aseme kweli mbele ya bote."

Akawaambia wenzake. Wakamwendea Mkurugenzi, naye akawajibu kwamba nimechanganyikiwa ugenini, presi za aina ile zimejaa duniani. Nusu yao walimwamini. Hasira niliyoipata siku ile naisikia hadi sasa.

Kesho yake Mkurugenzi alinipigia mwenyewe. "Abdi, fungua hiyo mashine."

"Ipi, bwana? Si umewaambia kwamba si yetu?"

"Usinichezee. Kazi yako ni kuiwasha."

"Kufuli halifunguliwi mpaka watu wote watoke kwenye mashine," nikasema. "Kule Digbeth kuna watu bado wako ndani. Waambie watoke, mimi nitafungua."

Akakata simu, akampigia Meneja Mkuu. Baada ya chakula, taa zikiwa hazijazimwa, Meneja Mkuu aliingia karakanani na mkasi mkubwa wa kukatia chuma, akamkabidhi Liang. Sikuhitaji mkalimani. Nikarudi nyuma. Nilikuwa mgeni, sina sauti, na nilikwisha kubali moyoni kwamba nimeshindwa.

Liang aliutazama mkasi. Akalitazama kufuli. Kisha akainama akauweka mkasi sakafuni, polepole. Akasema maneno machache.

"Anasema hili si lake," Mei akaninong'oneza. "Anasema mwenyewe hajafa, yuko hapa, aulizwe yeye."

Meneja Mkuu alifoka akawaelekea wengine. Hakuna aliyeinama kuuokota. Walisimama pale, kila mmoja na kufuli lake kiunoni, wanaume kwa wanawake, wakitazama viatu vyao. Nimeona mengi maishani, nimekimbia vita, nimevuka bahari. Hakuna kilichonishtua kama watu wale niliowajua kwa miezi michache tu. Wangeweza kufukuzwa wote kabla ya jua kutua. Nililia, na sioni haya kusema.

Meneja Mkuu alihitaji mashine, na alihitaji watu wa kuiendesha. Simu zikapigwa kati ya China na Birmingham siku nzima, mimi nikiwa nimekaa juu ya boksi langu. Ijumaa, kiza kilipokuwa kinaanza kuingia kwetu, simu yangu ikaita. Nyuma ya sauti ya Papa Kasongo nilisikia vikombe vya kantini na watu wakizozana. Mkurugenzi alikuwa ametoka kuwaambia ukweli wote. Karakana inafungwa, mashine zote zinahamia China. Wale wawili walikuwa tayari kwenye simu, wakiuliza kama nafasi zao bado zipo.

"Derby nimebaambia ndiyo," akasema. "Sikia, Abdi. Batu bote batoka ku mashini. Fungua."

Nikafungua. Liang akabadilisha klachi, tukaiwasha namba nne, na bawaba ya kwanza ikatoka nzuri bila kasoro. Hiyo ndiyo kazi yangu bora kuliko zote, na iliniuma.

Niliporudi Birmingham sikuwa na pa kurudi. Nilizunguka karakana za watu, kisha nikafundisha usalama chuoni, mpaka masikio yaliyopigwa na presi yakanistaafisha kabla ya wakati. Papa Kasongo alifanya kazi Derby mpaka akapewa saa ya ukutani na keki ya kustaafu. Karakana yetu ya Digbeth siku hizi ni mahali pa muziki na kahawa ghali. Binti yangu alinipeleka majuzi, bila kujua.

"Dad, why are you staring at the floor?" akaniuliza, akiniona nakodolea sakafu.

"Hapa palikuwa na mashine," nikamwambia. Matundu ya bolti yamezibwa kwa saruji, lakini ukijua pa kutazama utayaona. Meza yetu ilikuwa juu yake.

Ndipo simu ikatetemeka. Ni Liang. Tangu simu zijifunze kutafsiri zenyewe tunaandikiana, mambo ya wajukuu na maumivu ya mgongo. Safari hii aliandika kwamba mkurugenzi wao ni mpya, na kwamba wiki iliyopita walikuja watu na kreni wakaichukua namba nne. Wameambiwa imepelekwa kurekebishwa. Yeye anabakiza miezi kustaafu, lakini karakana imejaa vijana.

Nikampa binti yangu simu aniandikie. Nikamwambia aulize kitu kimoja tu: kufuli liko wapi?

Jibu lilikuja kabla kahawa haijapoa. "Langu liko juu yake. Ufunguo ninao mfukoni."