Nukta Mbili Nilizofuta

Mama alikuwa akiuza juisi ya thabai, yale majani yanayowasha, kwa kina mama wa kanisa letu hapa Nakuru. Alisema inashusha presha. Mimi nilikuwa chuoni nikisoma takwimu, akaniomba nimtolee ushahidi.

Nilichukua wateja kumi na wanne. Kila mmoja nikampa nukta kwenye grafu: siku alizokunywa juisi mwezi huo, na presha yake mwezi ulipoisha. Nukta nyingi zilishuka vizuri. Waliokunywa zaidi walikuwa na presha ya chini. Lakini mbili zilikaa juu kabisa, za wanawake waliokunywa kila siku. Kwa sababu yao mstari ulikaribia kulala, na uhusiano ukawa dhaifu. Nikajiambia mashine ya kupimia ilikosea. Nikazifuta, mstari ukateremka vizuri. Wenyewe sikuwapigia hata simu.

Mama aliibandika grafu ukutani. Shangazi yangu wa Gilgil, aliyenilea nikiwa mdogo, alipotutembelea alisimama mbele yake akaitazama kwa muda.

"Hii umechora wewe?"

"Ni mimi, auntie."

"Basi kama ni wewe, naamini."

Akabeba chupa nne za juisi, na huko kwake akaacha vidonge vyake vya presha. Wiki chache baadaye alianguka akimenya viazi. Mkono wa kulia ukakosa nguvu. Hospitalini, daktari alipomuuliza kwa nini aliacha dawa, alinitupia jicho, kisha akasema alisahau tu. Nilikuwa nimesimama pale pale.

Ndipo nikaenda kwa wale wanawake wawili. Wote waliacha vidonge walipoanza juisi. Nikawauliza na wale wengine: walikuwa bado wanameza vidonge, na waliokunywa juisi bila kukosa ndio waliomeza vidonge bila kukosa.

"Ungeniuliza tu, ningekuambia," mmoja wa wale wawili alisema, bila hasira.

Nilipomweleza Mama, aliitoa grafu siku hiyo hiyo. Mimi nikaenda Gilgil kumwambia shangazi.

"Kwa hivyo ulijua kuna watu haikuwasaidia?"

"Nilijua, auntie. Niliwatoa."

Nilitamani anigombeze. Badala yake akaniomba nimfungie vifungo vya sweta, maana mkono wake bado haukuweza. Nilivifunga kimoja kimoja nikiangalia vifungo tu, kwa kuwa usoni mwake sikuweza kuangalia.